Siku Baba Aliponitoa Mchezoni

Wenzangu mliosoma kwa kibao cha jiwe mkakifuta kwa mate, mliokimbilia migombani kila mlipoona kofia ya askari wa boma, ninyi ndio ninaowaandikia. Wajukuu zetu wakisoma nao wafurahi, lakini wao kila ukiwasimulia jambo la enzi za Mjerumani huuliza kwanza kama tulikuwa tunavaa nguo. Tulivaa. Ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta ni nguo, tena haitaki pasi, na mvua ya kwetu Akheri ikinyesha huteleza juu yake kama juu ya jani la mgomba.

Nakumbuka baridi ya asubuhi zile, Mlima Meru umejifunika ukungu mpaka miguuni na umande unadondoka kutoka migombani unakupata shingoni. Mama alikuwa ameshaamka kitambo. Tulisikia kibuyu cha maziwa kikitikiswa, tukasikia harufu ya moshi wa kuni ukipenya kwenye nyasi za paa, imechanganyika na harufu ya mbuzi tuliolala nao nyumba moja. Chakula cha asubuhi kilikuwa loshoro iliyobaki jana, mahindi na ndizi zilizopondwa na kuchanganywa na maziwa mgando, ya baridi, yenye uchachu kidogo, ikishuka tumboni na kukaa humo mpaka jua la alasiri. Leo mtoto anapewa chai na mkate mweupe, na saa nne anasema anasikia kizunguzungu.

Shuleni tulikwenda kwa zamu. Baba hakuwa Mkristo wakati ule, wala hakuona faida ya herufi. Alikuwa akisema, "Sijaona bado ng'ombe aliyekamuliwa kwa kibao." Kwa hiyo leo akienda kaka yangu Lazaro, mimi nilichunga, na kesho nikienda mimi, Lazaro alichunga. Yeye alijua herufi nisizozijua, nami nilijua zile asizozijua, na jioni tulibadilishana tukirudisha mifugo, tukizichora kwa fimbo kwenye vumbi la njia kabla kwato hazijazifuta.

Mwalimu wetu wa misheni tulimwita Bwana Korongo. Hilo halikuwa jina lake. Lilitokana na miguu yake mirefu na namna alivyoinua magoti akipita kwenye majani yenye umande. Alikuwa Mjerumani kijana, ila utoto wake aliumalizia Amerika kwa mjomba wake, na huko alijifunza mchezo ambao hata Wajerumani wenzake waliokuja kumtembelea waliutazama kwa mshangao. Wazee wetu walikuwa na majeraha yao kwa Mjerumani, na mengi hawakutusimulia mpaka tulipoota ndevu. Sisi tulikuwa watoto, na mtoto akipewa fimbo na mpira, boma hulisahau.

Sisi tuliuita mpira wa fimbo. Mpira wenyewe tuliushona kwa ngozi ya mbuzi, ndani tumeshindilia manyoya ya kondoo, na ukikupata mgongoni ulijua umepatwa. Fimbo ilichongwa kwa mzeituni wa porini, nzito, imelainishwa kwa mafuta mpaka inang'aa. Vituo vilikuwa vipande vya ngozi kavu ya ng'ombe vilivyopigiliwa vigingi: vitatu vya kuzunguka, na cha nne, tulichokiita nyumbani, pale aliposimama mpigaji. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga, kisha anakimbia kituo hadi kituo. Akirudi nyumbani salama, upande wake umepata. Nyuma ya mpigaji alichuchumaa mdakaji, amejifunga ngozi ya kondoo mkononi. Kazi yake ilikuwa kudaka mpira uliokoswa, na kama mkimbiaji anakuja nyumbani, amguse nao kabla hajafika. Akimgusa, ametolewa.

Haya tuliyaelewa haraka. Sheria moja tu ilitusumbua, nayo ndiyo iliyotaka kuvunja ujirani wa watu wazima. Mwalimu alisema kwamba mpigaji akikosa mpira, asimzuie mdakaji kufanya kazi yake. "Mpigaji si ukuta," alikuwa akirudia kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. Na ikiwa mwenzake anakimbilia nyumbani, naye mpigaji akawa katika njia ya mdakaji, basi anatolewa yule anayekimbia.

Tulipiga kelele siku hiyo. Lazaro, ambaye hakuogopa mwalimu wala chui, alisimama akauliza, "Bwana, amekosa mmoja, kwa nini anatolewa mwingine?"

"Kwa sababu yeye ndiye anayepata faida," alisema Bwana Korongo.

Hatukuridhika. Na kila sheria hiyo ilipotumika, mwalimu alijieleza kwa Kiswahili, tukambishia, akaanza kujieleza kwa Kijerumani, na mchezo ukaishia hapo kwa sababu hakuna aliyejua amesema nini.

Kisha ikaletwa habari kwamba watoto wa shule ya misheni ya upande wa Waarusha, ng'ambo ya mito, nao wamefundishwa mchezo huu, na wanataka kuja kushindana nasi. Wazee wakanung'unika. Wameru na Waarusha tulikuwa tumeoana na kugombana vizazi na vizazi, na kila mmoja alijua kwamba vijana wakikutana wana fimbo mikononi, neno moja baya linatosha. Baadhi ya akina baba walisema waziwazi kwamba damu ikimwagika siku hiyo, watoto wao hawatakanyaga tena shuleni. Kwa hiyo suala la mwamuzi likawa kubwa. Waarusha walimkataa Bwana Korongo kwa kuwa ni mwalimu wetu. Sisi tulimkataa mwalimu wao. Mwisho wakakubaliana kwa mtu ambaye hakuwa amewahi kushika mpira ule maishani mwake, naye ni baba yangu.

Sababu ilikuwa hii. Baba alikuwa mmoja wa watu walioitwa kusuluhisha magomvi ya malisho, na pande zote mbili zilimjua. Tena mama yangu alikuwa Mwarusha, kwa hiyo Waarusha walimhesabu baba kuwa nusu mtu wao.

Alicheka alipoambiwa. Lakini hakukataa, na tangu hapo kila tulipofanya mazoezi alikuja na kigoda chake, akakaa nyuma kabisa ya mdakaji, shuka begani, anauliza maswali. "Huyu anayechuchumaa anafanya nini? Anaruhusiwa kusimama? Huyu mwenye fimbo, akishakosa, anakwenda wapi?" Bwana Korongo alimjibu kwa subira. Hata sheria ile ya mpigaji kuwa si ukuta ilipoelezwa, baba hakubisha kama sisi. Alisema, "Ni kama mtu anayesimama mlangoni mwa zizi wakati mwenzake anatoa mbuzi. Nimeelewa." Akaanza hata kuturuhusu mimi na Lazaro kwenda mazoezini pamoja, ng'ombe wakachungwa na binamu zetu.

Nyumbani, hata hivyo, mama hakuwa na raha. Kaka yake, mjomba wetu, alikuwa hajakanyaga kwetu kwa muda mrefu. Zamani kidogo, mjomba alipokuwa akiwapeleka ng'ombe wake Momela kwenye majani ya chumvichumvi, waliingia katika shamba la mjane mmoja wa Kimeru wakala maharage yote. Baba alikuwa miongoni mwa waamuzi, wakaamua mjomba ampe yule mjane ng'ombe mtamba mmoja. Mjomba alitoa, lakini aliondoka amekasirika, akisema shemeji yake amemwita mwizi mbele ya watu. Tangu siku hiyo mama alipata habari za kwao kwa wapita njia. Na sasa tulikuwa tumesikia kwamba mdakaji wa Waarusha ni Mesiaki, mtoto wa mjomba, na kwamba mjomba mwenyewe anakuja kutazama.

Jioni ya kuamkia siku ya mchezo mama alimwekea baba chakula, akakaa pembeni. "Kesho utamwona kaka yangu," alisema.

"Nitamwona."

"Ukiwapendelea watoto wako, hatarudi hapa tena."

"Najua."

"Na ukimpendelea yeye, watu wa hapa watasema umemlipa kwa ajili yangu."

Baba akaendelea kula. "Basi nitaangalia mpira," akasema.

Siku yenyewe ilikuwa na jua safi, mlima uko wazi mpaka kileleni. Waarusha walifika wametembea tangu alfajiri, wakiimba, ngozi zao zimepakwa mafuta na udongo mwekundu, na mama zao nyuma wamebeba vibuyu. Tuliwaamkia wakubwa wao, wakatuwekea mikono vichwani. Mjomba aliitikia salamu yetu, akatuuliza hali, kisha akaenda kusimama upande wa pili wa uwanja na watu wake. Baba na yeye walipungiana mikono kwa mbali tu, kama watu wanaoonana sokoni. Bwana Korongo alikuwa ametoa kondoo mnene wa kuliwa na wote, ila mkia, ule mkia mpana wenye mafuta, ungekuwa wa washindi. Msione ajabu. Katika maisha yangu nimekula vingi, hata biskuti za bati, na sijakutana na kitu kinachoshinda mkia wa kondoo uliobanikwa.

Baba aliamua kwa namna yake. Hakupiga kelele wala hakuwa na filimbi. Akiinua fimbo, mtu ametolewa. Watu wakibishana, alikaa kwenye kigoda akawatazama mpaka wachoke, kisha akasimama na mchezo ukaendelea. Mpaka jua lilipoanza kuelekea upande wa mjini, magharibi, hakuna ngumi iliyorushwa. Waarusha walikuwa wametutangulia kwa bao moja tu, nasi tulikuwa tunapiga kwa zamu ya mwisho. Akitolewa mmoja zaidi kwetu, mchezo umekwisha. Mimi nilikuwa kituo cha tatu, nimebakiza nyumbani tu, na aliyeshika fimbo alikuwa Lazaro.

Nilikuwa mwepesi enzi hizo, msinione nilivyo sasa. Mrushaji alipoinua tu mkono nikachomoka. Nilisikia fimbo ya Lazaro ikikata upepo bila kugusa kitu, nikasikia mpira ukitua kwenye ngozi ya Mesiaki. Nikajitupa kwa tumbo. Vumbi likaingia machoni na mdomoni, na vidole vyangu vikashika ile ngozi ya nyumbani. Hakuna mpira ulionigusa. Akheri nzima ikashangilia, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikainua kichwa kumtafuta baba.

Fimbo yake ilikuwa juu.

Kelele zilikatika. Kisha zikarudi za namna nyingine. Nilimsikia mzee mmoja jirani yetu akisema, "Amewapa shemeji zake." Neno hilo likazunguka uwanja mzima. Lazaro alitupa fimbo chini. Mimi nilikuwa bado nimelala kifudifudi, nimeshika ngozi, nafikiri kwamba nikiiachia ndipo nitakuwa nimetolewa kweli. Mama alikuwa amesimama pembeni na kibuyu chake, hatazami upande wowote. Vijana wakubwa wa kwetu wakaanza kusogea, wa Waarusha nao wakasogea, na Bwana Korongo akaja mbio, magoti juu, anasema maneno ya Kijerumani.

Aliyefika kwanza alikuwa mjomba. Alitembea polepole mpaka pale nilipolala, akasimama mbele ya baba. "Shemeji," akasema, "mtoto wako amefika."

"Hakufika. Nimemtoa."

"Nimeona kwa macho yangu. Mwanangu alikuwa hajamgusa. Mimi sitaki kupewa mchezo kwa ajili ya maneno ya zamani."

"Sijakupa kitu," baba alisema.

"Umenipa. Watu wako wote wanasema umenipa."

"Watu wangu walikuwa kule kivulini wanatafuna miwa. Mimi nilikuwa hapa."

Vijana waliokuwa wakisogea wakasimama. Hawakujua tena wamtetee nani. Baba wa washindi alikuwa anagomba kwamba ameshindwa, na baba wa walioshindwa anagomba kwamba watoto wake wametolewa kwa haki.

Baba akageuka. "Lazaro, okota fimbo yako. Mesiaki, chuchumaa ulivyokuwa. Na wewe," akaniambia, "ondoka hapo chini urudi kwenye kituo chako. Wengine wote, msikanyage hapa."

Tukarudi kila mtu mahali pake. Baba alimwambia mrushaji arushe kama alivyorusha, lakini polepole, na Lazaro apige na kukosa kama alivyokosa. Watu wakafanya duara kubwa. Mpira ukaja. Lazaro akazungusha fimbo, na uzito wake ukamvuta. Mguu wake wa kulia ukaondoka ulipokuwa, ukapita mbele, ukatua vumbini. Pale ulipotua palikuwa na alama ya mguu tayari, yenye kidole gumba kilichopinda kama chake, na mguu ukaingia ndani ya alama hiyo sawasawa. Mesiaki, akinyoosha mkono wenye mpira kuja kwangu, akagonga kiuno cha Lazaro na mkono ukaishia hapo.

Lazaro aliutoa mguu kwenye alama. "Sikukusudia, Baba," alisema.

"Sikusema umekusudia. Nimesema ulikuwa njiani."

"Na mdogo wangu? Yeye alikosa nini?"

"Hakukosa kitu. Alifunguliwa mlango na mtu asiyekuwa na ruhusa ya kuufungua. Basi anarudi alikotoka."

Watu wachache wakacheka, na kicheko kile kilishusha mabega ya wengi. Mjomba hakucheka. Alikuwa bado anaitazama alama ya mguu. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo kiasi kwamba sisi tuliokuwa karibu ndio tuliosikia, "Kwa hiyo hujasema huyu kijana ni mkorofi."

"Mwanangu? Hapana. Alipiga, akakosa, mguu ukaenda."

"Na siku ile ya ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe wako walikuwa na njaa."

"Ulisema niliwatuma."

"Nilisema walikuwa shambani," baba akajibu. "Neno la kutuma sikulisema. Nilitaka kukueleza, lakini ulikuwa umeshashika njia."

Mjomba akakuna kidevu. Akamwangalia mama, akamwangalia baba, akatema mate pembeni kama mtu anayetoa kitu kichungu mdomoni. "Nilitembea na hasira ile mpaka kwangu," akasema, "na nilipofika sikujua niiweke wapi."

Mama hakusubiri zaidi. Alikuja na kibuyu, akamimina maziwa kwenye kata, akampa kaka yake kwa mikono miwili. Mjomba akanywa mpaka mwisho. Akakishika kibuyu akakigeuza, akitazama shanga zilizofungwa shingoni mwake. "Hiki ni cha mama yetu?"

"Ndicho," mama akasema. Akajifuta uso kwa upande wa shuka, akaenda kuwapakulia wengine.

Kondoo alichinjwa na kuchomwa, na hakuna waliogusana isipokuwa kwa kugombania mbavu. Waarusha walichukua mkia wao, haki yao. Lazaro alinuna, akakaa peke yake na mgongo kwa moto, mpaka Mesiaki alipomletea kipande cha mkia kwenye jani la mgomba. Kununa kukaisha. Mimi nilipewa kipande kidogo zaidi, nikakilamba mpaka vidole vikanuka mafuta kesho yake. Na mwezi haukupita kabla mama hajakwenda kwao, kwa mara ya kwanza tangu mambo ya maharage, nami nikimbebea mzigo wa ndizi.

Wanaume waliosema baba amewapa shemeji zake hawakuomba radhi, ila walimpelekea ugomvi wao wa mpaka wa shamba majira yale yale, na yeye alichukulia hiyo kuwa radhi ya kutosha. Tulicheza na Waarusha tena, kwetu na kwao. Kila mchezo baba alikuwa mwamuzi, na sisi tulijifunza kupiga, kukosa, na kuruka pembeni haraka kama tumekanyaga siafu.

Baadaye vikaja vita vya Wazungu kwa Wazungu. Bwana Korongo aliondoka, na hatukupata kujua alikokwenda. Lazaro alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, akarudi amekonda lakini mzima, akawa mwalimu, akafundisha watoto wa Akheri mpaka akastaafu. Uwanja ule ulipandwa kahawa, kahawa nzuri, sina ugomvi nayo.

Nami nimeishi vizuri. Siku hizi ninakaa mjini, mtaa wa Levolosi, na mwanangu, kwenye nyumba ya bati yenye redio inayozungumza tangu asubuhi kama mkwe asiyejua kuchoka. Vijana wana viatu vya kuchezea, wana mipira iliyojazwa upepo, wana mistari ya chokaa na mwamuzi mwenye saa. Sisi tulikuwa na ngozi ya mbuzi na kigoda. Juzi mjukuu wangu alinichukua kutazama kandanda. Refa akapuliza filimbi, goli likakataliwa, na wachezaji wakamzunguka kama nyuki. Mmoja akamvuta shati. Mjukuu wangu mwenyewe, kijana mpole anayeniamkia kila asubuhi, alisimama akapiga kelele kwamba refa amekula kitu, wakati mimi na yeye tulikuwa tumekaa mbali kiasi kwamba hata mpira wenyewe nilikuwa naukisia.

Alipokaa akaniuliza, "Babu, enzi zenu ikitokea hivi mlifanyaje?"

Nikamwambia tuliambiwa turudi kila mtu pale aliposimama, tufanye tena polepole, watu wote watazame.

Akacheka. "Babu, si ingechukua siku nzima?"

"Ilichukua," nikamwambia. "Ng'ombe walichelewa kukamuliwa, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani."